Ufa usio na mwenyewe

Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 2020, mchana, upande wa mbele wa Beit al-Ajaib, katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulianguka pamoja na mnara wake wa saa. Ndani mlikuwa na mafundi kazini, maana jumba lilikuwa katika matengenezo. Wawili walifariki, wengine wakatolewa kwenye kifusi wakiwa majeruhi. Kufikia magharibi picha zilikuwa zimeshazagaa kwenye simu za watu kuanzia Michenzani hadi Maskati: roshani zimekatika, vyumba vya ndani vinaonekana kutoka barabarani kama kabati lililong'olewa mlango.

Wiki ile methali moja ilisemwa mpaka ikachakaa. Barazani, redioni, kwenye makundi ya WhatsApp, kila mtu alikuwa nayo mdomoni: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mimi niliisema. Baada ya kuisema mara ya tatu au ya nne nikaanza kuitilia shaka. Si kwamba ni ya uongo. Shida iko kwenye ile "u" ya mwanzo. Methali inazungumza na mtu mmoja, wewe. Inachukulia kwamba msikilizaji ana nyumba, ana ufa, ana mwiko na karai la chokaa, na kilichobaki ni uvivu wake tu. Kwa nyumba ya mtu binafsi ndivyo mambo yalivyo. Lakini kwa ufa wa Beit al-Ajaib, huyo "wewe" alikuwa nani?

Sitaki kulikimbia swali hilo kwa kujibu "serikali". Serikali ni jina la ukoo. Ukienda kwenye ukoo kudai deni, utakaribishwa, utapewa kahawa na kashata, na utarudi mikono mitupu mpaka umtaje mtu.

Kwa waliozaliwa baada ya milango yake kufungwa, jumba lenyewe ni hivi. Sayyid Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883, ukingoni mwa bahari, jirani na Ngome Kongwe, mahali panapokumbukwa kuwa palikuwa na kasri ya Mwana Fatuma, malkia wa Unguja wa karne ya 17. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, kama nyumba nyingine za Mji Mkongwe, lakini zilizungushiwa nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli, roshani pana, na dari zilizo juu kiasi kwamba ukiingia kutoka kwenye jua la saa 8 mchana ulihisi umeteremka kisimani. Milango ilichongwa aya za Kurani. Ndilo lililotangulia kuwaka umeme Unguja, na ndilo linalohesabiwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Watu wakaliita la ajabu, na jina likabaki hata pale taa za umeme zilipofika vibandani.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga eneo la kasri kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, jirani yake, liliteketea. Mnara wa taa uliokuwa mbele uliharibiwa vibaya. Beit al-Ajaib lilipona na majeraha madogo, na baada ya vita ndipo mnara wa saa ukawekwa kwenye uso wake, ule ule ulioporomoka mwaka 2020. Tangu 1911 likawa ofisi za serikali ya kikoloni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 likawa chini ya Afro-Shirazi Party, kisha likaja kuwa makumbusho, na katikati ya ukumbi ukawekwa mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Watoto wa skuli walipelekwa pale wakauzunguka ule mtepe midomo wazi.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu moja. Katika historia hiyo yote, tangu jiwe la kwanza, jumba hili halijawahi kuwa la mtu binafsi. Kila aliyeshika nchi alilishika na jumba. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba lilitelekezwa na mrithi aliyehamia ng'ambo, au lilikuwa na kesi ya mirathi mahakamani. Hapakuwa na kesi. Mwenyewe alikuwa mmoja siku zote: dola.

Barghash huyo ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji ya mfereji kutoka chemchemi za nje ya mji. Ni kejeli ya historia kwamba jumba lake miaka ya mwisho lilikuwa likipigana na maji ambayo hayakuwa na mfereji: mvua ya masika ikiingia kwa juu, unyevu ukishuka ukutani, chuma kikila kutu. Sisemi kwamba maji ndiyo yaliyoliangusha siku ile. Sababu za siku ile ni kazi ya wahandisi. Ninachosema ni kwamba ugonjwa ulikuwa umeandikwa usoni kwa muda mrefu na kila mpita njia aliusoma. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Baadaye sehemu ya paa ikafuata, na makumbusho yakawa yamefungwa. Orodha ya mwaka 2014 ya Shirika la Kumbukumbu za Dunia, lile la New York linalotangaza majengo yaliyo hatarini, iliyataja Beit al-Ajaib na jirani yake, Makumbusho ya Kasri, kwa majina. Kutoka roshani ya 2012 hadi mnara wa 2020 ni miaka 8. Mtoto aliyezaliwa roshani ilipoanguka alikuwa ameshaanza kusoma Juzuu Amma.

Kwa hiyo hadithi ya "hatukujua" tuiweke pembeni. Tulijua. Hata Paris, kwenye makao ya UNESCO, walijua.

Sasa tuhesabu waliokuwa na mkono katika jambo hili. Kuna Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985 na kupewa sheria mpya mwaka 2010, ambayo kazi yake ni mji wote wa mawe na vichochoro vyake. Kuna idara ya makumbusho na mambo ya kale, ambayo makumbusho ndiyo riziki yake. Kuna wizara iliyo juu yao, ambayo jina lake hubadilika kila baraza la mawaziri linapopangwa upya, mara utalii umo, mara umetoka, mara utamaduni umehama na meza zake. Kuna manispaa, yenye takataka na mitaro. Mambo ya kale si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria ni za Zanzibar. Lakini aliyeridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1977 ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na Mji Mkongwe ulipoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000 uliingia kwa jina la nchi hiyo. Barua ya Paris ina safari ndefu kabla haijafika Forodhani. Kisha kuna Oman, iliyotoa fedha za matengenezo, na mwenye fedha hana budi kuwa na sauti. Kuna mkandarasi, kuna mshauri, kuna wataalamu wa ziara wanaokuja kwa wiki moja na kamera.

Ukiwaweka wote hao kwenye ukumbi mmoja utahitaji kukodi viti. Na kila mmoja, ukimuuliza kwa haki, atakuonyesha karatasi: tuliandika, tulishauri, tulipeleka, tulisubiri. Wala hasemi uongo. Ndiyo ajabu ya Beit al-Ajaib, kwamba linaweza kuanguka huku kila aliyehusika ana faili lililo sawa.

Neno letu la usimamizi limetoka kwenye kusimama. Msimamizi wa ujenzi wa zamani alikuwa mtu mwenye kanzu iliyoingia vumbi, anayesimama juani tangu saa 1 asubuhi, akimwambia mchanganyaji kokoto zimezidi. Tulichokijenga katika ofisi zetu ni usimamizi wa kukaa. Vikao, taarifa ya robo mwaka, warsha yenye chai na sambusa, picha ya pamoja. Jengo halijui robo mwaka. Jengo linajua masika na vuli.

Hilo nilifundishwa na fundi mmoja mzee, mtu wa Malindi, aliyenipandisha juu ya nyumba moja kongwe ya kupanga aliyokuwa ameitwa kuitazama. Ngazi zilikuwa giza, kila kidato kimeliwa katikati na nyayo. Tulipotokea juu, jambo la kwanza nililoliona ni simtanki jeusi la lita 1,000 limewekwa juu ya sakafu ya chokaa ambayo waliyoipiga hawakuwahi kuota uzito kama huo. Bomba lake lilikuwa linavuja tone kwa tone, na chini yake palikuwa na unyevu wa ukubwa wa msala. Kwenye kona, tundu la kutolea maji ya mvua lilikuwa limezibwa na majani ya mwembe, mfuko wa plastiki na njiwa aliyekufa.

Tukashuka dari moja. Boriti zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe, safi, zimejipanga kama askari wa gwaride. Nikasema hizi zinaonekana nzima. Mzee akacheka, akasogeza kigoda mpaka ukutani.

"Hebu panda, mwanangu. Tia kidole hapa, inapoingia ukutani."

Nikatia. Kidole kilizama kama kwenye boga lililooza.

"Boriti hufa kichwa kwanza," akasema. "Wewe ulikuwa unatazama tumbo."

Akanieleza kwa utulivu wa mtu aliyeyaeleza mara nyingi. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua: ukilowa wakati wa masika, hukauka wakati wa kipupwe, mradi chokaa yake iwe ya kweli, iliyochomwa, ikazimwa kwa maji, ikaachwa ilale shimoni mpaka iwe laini kama siagi. Kisha anakuja mtu mwenye haraka na mfuko wa saruji, anapiga lipu ngumu kwa nje, inang'aa, inapendeza. Kuanzia siku hiyo ukuta umefungwa mdomo. Maji yanayoingia kwa juu hayana pa kutokea, chumvi inabaki ndani, na kichwa cha boriti kinaoza gizani huku tumbo likipakwa rangi kila Idi. Siku inapoanguka watu husema imeanguka ghafla.

Nikamuuliza, ami, ingegharimu nini kuiokoa? Akafikiri. Kuzibua lile tundu ni bure, mtoto anaweza. Kulihamisha tangi, wapagazi wanne. Kubandua lile lipu na kurudishia chokaa ukutani, wiki mbili tatu na mafundi wawili. Boriti zile saba zilizooza ndizo zenye gharama, "na hizo zimeoza kwa sababu ya tundu." Basi kwa nini haikufanywa? Mpangaji alinijibu mwenyewe, mama mmoja aliyekuwa akisikiliza huku akichambua mchele. Ofisi anayoilipa kodi ilimwambia asiguse kitu bila kibali. Ofisi ya kibali ikamwambia mwenye kuomba ni mwenye nyumba, siye mpangaji. Mwenye nyumba ndiyo ile ofisi ya kwanza. Alikuwa amekwenda na kurudi baina yao masika mawili.

Beit al-Ajaib ni nyumba ya mama yule, ila yenye nguzo za chuma.

Tukubaliane pia kwamba siasa ya bajeti inachangia. Tundu la maji halizinduliwi. Hakuna waziri aliyewahi kukata utepe mbele ya mchirizi uliozibuliwa, na hakuna mfadhili anayeweka kibao cha shaba chenye nembo yake juu ya ndoo ya chokaa. Tunachokijua sisi ni mradi: jengo liachwe lichoke mpaka hali yake itie huruma, kisha aje mfadhili, isainiwe hati, ipigwe picha, mabati ya uzio yapandishwe. Kwa mtindo huu uchakavu wenyewe unakuwa mtaji, kwa sababu anayeliweka jengo lake katika hali nzuri hapati mradi. Sishangai kwamba kazi nzuri tunazozionyesha wageni katika ufukwe ule, Zahanati Kongwe iliyofufuliwa miaka ya 1990 na bustani ya Forodhani iliyofunguliwa upya mwaka 2009, zote zilitoka mfuko wa Aga Khan. Nawashukuru kwa dhati. Lakini mtu anayesubiri jirani amfagilie uwanja asijisifu kwa usafi.

Kuna na ugonjwa wa pili, ambao watu wa ofisini hawapendi uzungumzwe kwa sauti. Serikali katika Mji Mkongwe ni mwamuzi na ni mchezaji. Ndiyo inayotoa kibali, ndiyo inayokagua, na majengo makubwa ya ufukweni ni yake, inayakodisha. Tazama Mambo Msiige, nyumba ya karne ya 19 kule Shangani, ambayo hadithi ya mitaani inasema udongo wake ulikandwa na mayai. Ilipokodishwa iwe hoteli, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake zaidi ya mara moja kuhusu jengo jipya la kando yake. Hoteli ikafunguliwa mwaka 2015. Mimi si adui wa hoteli. Jengo linalolala watu huhudumiwa, na bora hoteli kuliko gofu. Ila niambie afisa gani wa chini, mwenye mke na watoto na mkopo wa SACCOS, atakayeandika barua ya kusimamisha kazi ambayo wakubwa wake wameshaisainia. Sheria inampa mamlaka hayo. Kinachomkosesha ni mgongo wa kuegemea.

Na tusifiche jambo jingine, la moyoni. Wapo wasiolipenda jumba hili. Wanasema ni fahari ya sultani. Utajiri uliolijenga ulitoka kwenye karafuu, na karafuu zilichumwa na watu waliokuwa watumwa. Mzee mmoja aliniambia usoni kwamba siku lilipoanguka hakutoa chozi ila kwa wale mafundi wawili. Ninamheshimu. Lakini nadhani anampa Barghash zaidi ya haki yake. Sultani hakubeba jiwe. Matumbawe yalikatwa na mikono mingine, chokaa ilichomwa na wengine, na sakafu zilipigwa na watu wasiojulikana majina, kwa magongo, kwa siku na siku, kwa mdundo mmoja. Ile ndiyo saini pekee waliyotuachia watu hao. Tukiacha iyeyuke kwa mvua tutakuwa tumewafuta wao. Sultani ana makaburi na vitabu vya kutosha.

Hoja ya umaskini nayo naijua: dawa hospitalini kwanza, mawe baadaye. Ingekuwa na nguvu zaidi kama mawe hayo yasingekuwa ndiyo yanayoleta ndege. Mgeni anayeshuka uwanja wa Kisauni hajaja kutazama magorofa ya Michenzani. Amekuja kwa bahari na kwa Mji Mkongwe, na bahari ipo hata Mombasa.

Tena tuna mfano wa nyumbani, wala hatuna haja ya kwenda mbali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari ilikuwa inakula ufukwe chini ya kuta, miti inapasua mawe. Wengine waliiona orodha ile kama aibu ya taifa. Ilikuja kuwa msaada, kwa sababu iligeuza lawama kuwa kazi zenye majina: kingo za kuzuia mawimbi zijengwe hapa, mikoko ipandwe pale, kuta hizi zishikizwe, mpango wa usimamizi uandikwe, wanakijiji wawemo. Watu wa Kilwa wenyewe waliingia kwenye matope kupanda mikoko. Mwaka 2014 Kilwa ikatolewa kwenye orodha hiyo. Miaka 10, bila makelele. Nadhani lililosaidia zaidi ni kwamba kila mwaka ilibidi mtu asimame mbele ya Kamati aseme lipi limefanywa na lipi halijafanywa, na mwaka uliofuata arudi tena.

Wafaransa walipounguliwa na kanisa lao la Notre-Dame tarehe 15 Aprili 2019 walikuwa na fedha ambazo sisi hatuna, zaidi ya yuro milioni 800 za michango. Fedha sizitamani kama ninavyokitamani walichokifanya kabla hazijatumika. Kufikia Julai mwaka ule ule Bunge lao lilikuwa limepitisha sheria ya jengo lile moja, ikaundwa taasisi yenye kazi moja, akawekwa juu yake mtu mmoja, Jenerali Jean-Louis Georgelin, aliyejulikana kwa jina na kwa sura. Mahakama yao ya Hesabu ikawa inachapisha ripoti kuhusu michango kazi ikiendelea, haikungoja imalizike. Georgelin alifariki Agosti 2023, akateuliwa mwingine nafasi yake, na kanisa likafunguliwa Desemba 2024. "Wewe" wa methali alipatikana. Alipokufa, akapatikana mwingine.

Baada ya msiba wetu uchunguzi uliagizwa, na Rais Hussein Ali Mwinyi, aliyekuwa hajatimiza hata miezi miwili madarakani, alifika mwenyewe kwenye kifusi. Hilo ni jema. Lakini ripoti ya jengo lililoua watu inapaswa kuwa kitu ambacho mwanafunzi wa ufundi wa Mbweni anaweza kukisoma kwa Kiswahili, akajua nguzo ipi ilibebeshwa nini, nani aliona nini, na siku gani. Kuna mabalozi wengi wa kusoma muhtasari. Wanafunzi ndio watakaopanda majukwaa ya kesho.

Ninalolitaka mimi ni dogo, na ndiyo maana naogopa litaonekana la kipuuzi. Kila jengo la kihistoria la serikali liwe na mtu. Sisemi idara, nasema mtu, na jina lake lipigwe kwenye kibao mlangoni, chini ya lile tangazo la viingilio. Mtu huyo apande juu ya paa mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, na alichokiona kiandikwe kwenye karatasi moja ibandikwe pale pale: tundu la kaskazini limeziba, boriti ya 4 chumba cha mashariki inahitaji kubadilishwa, gharama kadhaa. Sehemu ya viingilio vya jengo ibaki kwenye jengo, badala ya kwenda mfuko mkuu na kurudi kama bajeti iliyokatwa. Na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Zanzibar, ambaye tayari hutuambia stakabadhi zipi zimepotea, aongezewe kazi ya kutuambia kuta zipi zinapotea. Ripoti yake hufika Baraza la Wawakilishi, na pale kuna watu wanaopenda kuuliza maswali mbele ya kamera. Nani apewe mamlaka ya kusimamisha kazi, na akisimamisha nani amlinde, hilo ni gumu zaidi na litahitaji sheria. Kibao hakihitaji sheria. Kinahitaji ubao na seremala, na Unguja haijawahi kukosa seremala.

Kuhusu kulijenga upya jumba lenyewe nina neno moja kwa wenye haraka. Kamati ya Urithi wa Dunia hukubali ujenzi upya kwa nadra, na kwa sharti la kumbukumbu kamili, bila kubahatisha. Michoro na picha zilizoko Nyaraka Kilimani, vipimo vya mafundi, mawe yaliyookotwa kwenye kifusi, hivyo ndivyo jumba kwa sasa. Anayeona kifusi ni uchafu wa kuondolewa haraka ili saruji ianze kumwagwa atatujengea picha ya Beit al-Ajaib, yenye ukubwa ule ule na rangi ile ile, na sisi tutaipigia picha.

Mwezi Januari nilipita kichochoro kimoja nisichokitaja, nikaona mche wa mtini umeota juu ya ukuta wa jengo moja kongwe la umma, urefu wa kiganja, majani mawili ya kijani yenye kung'aa. Mizizi ya mtini ikishaingia kwenye chokaa haitoki bila kutoka na jiwe. Nikaingia ofisi moja ya karibu kusema. Kijana wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu, akanipa kiti, akanipa karatasi na kalamu: "Andika barua, mama, tutaifikisha." Nikaandika anwani yangu, nikaandika tarehe, nikaruka mstari, nikaandika Yah: Mche unaoota juu ya ukuta. Kisha nikarudi kwenye ule mstari nilioruka nikamuuliza, niielekeze kwa nani?

Akaichukua kalamu anisaidie. Akaishika juu ya karatasi. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, naye akaja, akasoma, akasema ngoja. Wakasimama wote wawili wakiutazama ule mstari, na nje muadhini akaanza kuadhini alasiri.